Bi Njano na Joto la Tarehe Thelathini Februari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlioko jikoni, punguzeni moto. Mlioko kazini, endeleeni na kazi, lakini nipeni sikio moja. Moja linatosha. Mama tunayemkumbuka leo alifanya kazi maisha yake yote kwa sikio moja, na hakuna aliyemdanganya akafika mbali.

Alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Alikuwa mtafiti wa maabara. Kwa miaka thelathini na minne alifuatilia swali moja. Swali lenyewe ni hili: mtoto aliyechanjwa dhidi ya surua, matumbwitumbwi na rubela, je, kinga anayo kweli mwilini, au anayo kwenye kadi tu? Hilo ndilo swali lake. Wenzake walimwita Bi Njano. Jina hilo nitalieleza hivi punde.

Dada yake mdogo alinipigia simu jana. Akaniambia, "Kaka, nasikia unaandaa kipindi. Usimpake dada asali. Alikuwa mbishi. Ukisema alikuwa mpole, waliomfahamu watazima redio."

Basi nasema mapema, redio zisizimwe. Bi Njano alikuwa mbishi. Alibishana na mwalimu wake. Alibishana na mkurugenzi wake. Alibishana na mimi, katika studio hii hii, mbele ya kipaza sauti hiki hiki. Mimi nilishindwa, na leo nitawasimulia nilivyoshindwa, kwa sababu nilistahili.

Tuanze utotoni. Mama yake alikuwa mshona nguo. Cherehani ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, na watoto walicheza chini ya meza katikati ya vipande vya vitambaa. Akiwa na miaka saba, mtoto huyu akapata matumbwitumbwi. Mashavu yakavimba, shingo ikapotea. Ndugu zake wakamwita Puto. Naye akacheka, ingawa kucheka kulimuuma. Baada ya siku kumi uvimbe ukaisha, na kila mtu akasahau.

Dada yake anakumbuka kilichofuata. "Mama alimwita kutoka upande wa kushoto, yeye akageuka kulia. Mama akadhani ni mzaha. Akamwita tena. Mara ya tatu akamwita kwa ile sauti ya kuchapa mtu. Dada anaangalia ukutani tu. Mama akaacha cherehani, akamjia taratibu kwa nyuma, akapiga makofi karibu na sikio la kushoto. Dada hakushtuka. Mama akakaa chini pale pale kwenye vitambaa."

Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Ugonjwa ambao watu huuchekea, ugonjwa wa mashavu, ulikuwa umelichukua sikio la mtoto wa miaka saba. Chanjo yake ilikuwepo duniani wakati huo. Kwao ilikuwa haijafika.

Shuleni alikuwa mrefu, kwa hiyo mwalimu alimweka nyuma. Kila asubuhi alibeba dawati lake mwenyewe, akalipeleka mbele. Kila asubuhi mwalimu alilirudisha nyuma. Siku kumi na moja mfululizo, wasikilizaji. Siku ya kumi na mbili mwalimu mkuu akamwita. "Binti, una kiburi?" Akajibu, "Hapana, Mwalimu. Nikikaa nyuma nasikia nusu ya somo, na mtihani hauulizi nusu." Dawati likabaki mbele.

Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa maabara. Msidhani aliajiriwa kupima. Aliajiriwa kuosha. Aliosha mirija, chupa na bilauri za vipimo, ndoo kwa ndoo, na kila alichoosha aliuliza kilikuwa na nini. Mkuu wa maabara, mzee aliyevaa miwani miwili kwa wakati mmoja, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, alichoka kujibu, akaanza kumfundisha. Ilimchukua miaka mingi, kazi mkono huu, vitabu mkono ule. Lakini aliyeingia kwa mlango wa kuosha vyombo akaja kupewa ufunguo wa chumba cha vipimo.

Na hapo ndipo jina lilipopatikana. Sikilizeni vizuri, maana bila hili hamtaelewa yanayokuja.

Kuna sahani ndogo ya plastiki, ukubwa wa kiganja. Ina visima vidogo tisini na sita. Kila kisima kinawekewa tone la damu ya mtu mmoja, ile sehemu yake ya majimaji. Kisha vinawekwa vimiminika vingine, na mtu anasubiri. Kama mwili wa yule mtu unaujua ugonjwa na umejiandaa kuupiga, kisima kinageuka njano. Kama hauujui, kisima kinabaki cheupe kama maji. Njano, kinga ipo. Cheupe, kinga hakuna. Yeye alikuwa anainama juu ya sahani zile na kuhesabu kwa sauti, "Njano, njano, njano, cheupe, njano." Wenzake wakamwita Bi Njano, na mwisho hata barua zikaandikwa hivyo.

Kuna njano moja ambayo hakuwahi kuifurahia. Huyu dada yake mdogo, aliyenipigia simu, alikuwa na mimba ya kwanza, mimba changa ya miezi miwili. Akapata homa ndogo na vipele vya siku tatu. Akapona. Nani angejali vipele vya siku tatu? Mtoto alizaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na masikio yake hayakusikia kitu. Bi Njano alichukua damu ya dada yake, akaiweka kwenye sahani ya rubela. Kisima kikageuka njano iliyokolea. Kinga ilikuwepo, lakini aliyeileta ni ugonjwa wenyewe, na ulikuwa umepitia kwa mtoto. Dada yake anasema, "Alinionyesha ile sahani. Kisha akasema, 'Kumbe sindano moja tu, mdogo wangu. Kabla hujaolewa. Sindano moja.' Akaondoka kwa hasira. Sikuwahi kumwona analia kwa hasira kama siku ile."

Mtoto yule leo ni fundi seremala. Alifanyiwa upasuaji wa macho, anaona kiasi, na milango ya nyumba ya shangazi zake wote kaitengeneza yeye. Mama yake mkubwa, yaani Bi Njano, alijifunza lugha ya alama akiwa na miaka arobaini ili waweze kubishana vizuri.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tufike kwenye mlipuko. Ni miaka ishirini na moja iliyopita. Wengine mnakumbuka.

Surua iliingia mjini mwezi wa tano. Katika wiki sita iliua watoto kumi na wanne. Narudia, watoto kumi na wanne. Na kilichowachanganya watu ni hiki: wengi wao walikuwa na kadi. Kadi za kliniki, zimegongwa mihuri, dozi ya kwanza na dozi ya pili. Akina mama walikwenda kliniki na kadi zile wakazichana mbele ya wauguzi. Mji ukawa na msemo mmoja. Chanjo ni maji.

Na hapa nakiri. Studio hii ilimkaribisha muuza dawa mmoja. Alikuwa na sauti nzuri na unga wake kwenye pakiti. Akasema chanjo ni maji yenye rangi, na kwamba unga wake unasafisha damu. Mtangazaji aliyemkaribisha ni mimi. Nilimpa Alhamisi tatu. Simu zililia, wasikilizaji waliongezeka, na mimi nilifurahi. Sikumuuliza hata swali moja gumu.

Bi Njano yeye hakuwa na muda wa redio. Alikuwa shuleni na kwenye kliniki, anaomba damu. Alieleza wazazi anachotafuta, akaomba ridhaa yao mmoja mmoja. Alipata watoto mia sita na arobaini. Wote walikuwa na kadi kamili, na wote walikuwa hawajaugua. Nusu walitoka upande huu wa reli, nusu ng'ambo ya reli. Kila mtoto alimpima mara tatu: sahani ya surua, sahani ya matumbwitumbwi, sahani ya rubela.

Upande huu wa reli, njano tupu. Katika kila watoto mia, tisini na kitu walikuwa na kinga ya surua. Chanjo ilikuwa imefanya kazi yake.

Ng'ambo ya reli, visima vilikaa vyeupe. Katika watoto mia tatu na ishirini, waliogeuka njano kwa surua walikuwa arobaini na mmoja. Msaidizi wake, ambaye leo ndiye mkuu wa maabara ile, alisema, "Bi, tumekosea mahali. Mashine imeharibika." Akamjibu, "Huenda. Rudia." Wakarudia. Vyeupe. "Rudia tena, kwa dawa mpya za kupimia." Vyeupe.

Msaidizi huyo amenisimulia jinsi Bi Njano alivyomweleza. Alisema, "Mwili wa mtoto mmoja unaweza kukataa kujifunza ugonjwa mmoja. Hilo lipo, ndiyo maana tunatoa dozi mbili. Lakini miili ya mamia ya watoto, magonjwa yote matatu kwa pamoja, tena ng'ambo ya reli peke yake? Watoto hawana kosa. Chanjo ilikufa kabla haijawafikia."

Kwa sababu chanjo hii ni kitu hai, wasikilizaji. Inatakiwa ikae kwenye baridi tangu kiwandani hadi kwenye mkono wa mtoto. Ikipata joto la kutosha inakufa, na ukiitazama kwenye chupa hujui. Haibadiliki harufu. Muuguzi anachoma kwa moyo safi, anagonga muhuri, mama anarudi nyumbani na amani.

Kliniki zote saba za ng'ambo ya reli zilichukua chanjo kwenye ghala moja. Bi Njano akaenda kwa miguu. Akakuta friji kubwa nyeupe, inanguruma vizuri kabisa. Juu yake kuna daftari la joto. Kila siku linajazwa mara mbili, asubuhi na jioni. Mtunza ghala, bwana mtaratibu mwenye shati la mikono mirefu, akamfungulia. Asubuhi, digrii nne. Jioni, digrii nne. Nne, nne, nne, kurasa kwa kurasa, wino uleule.

Alifungua taratibu hadi mwezi wa pili. Akasimama.

"Bwana, mwezi wa pili kwenu una siku ngapi?"

"Ishirini na nane, Bi. Mwaka mrefu ishirini na tisa."

"Basi hapa, tarehe thelathini, asubuhi digrii nne, jioni digrii nne. Ulipima joto la siku gani?"

Mtunza ghala aliangalia ukurasa. Kisha akakaa juu ya katoni. Akafungua droo, akatoa nakala za barua tatu, alizowaandikia wakubwa wake katika miaka tofauti. Kwa miaka mingi friji ilikuwa ikizima kila umeme ukikatika, na kiangazi umeme ulikatika kila siku. Kuna siku kipimajoto kilisoma ishirini na sita. Aliandika barua. Aliambiwa friji mpya inakuja, na kwamba wakati anasubiri aandike nne, ripoti isichafuke. Akaandika nne. Friji ikatengenezwa baada ya mlipuko kuanza, na hakuna aliyesema kitu.

"Nina watoto, Bi," alisema. "Ningefukuzwa."

"Na hao kumi na wanne walikuwa watoto wa nani?"

Neno hilo Bi Njano alilijutia. Aliniambia mwenyewe, miaka baadaye. "Nilimpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Yule alikuwa ameandika barua tatu. Wangapi wetu tumeandika hata moja?"

Akarudi na matokeo kwa mkurugenzi. Mkurugenzi hakuwa mtu mjinga, na hoja yake nataka muisikie, maana hata leo kuna watu wanaitumia. Alimwambia, "Ukitangaza hili, hakuna mzazi atakayeleta mtoto tena. Watakufa wengine mia. Tuchanje upya kimya kimya, tuseme ni dozi ya nyongeza."

Bi Njano akasema, "Mkuu, hawa watu wamezika. Wanajua kuna kitu hakiko sawa. Tusipowaambia sisi ni kitu gani, yule wa redioni ameshawaambia."

"Nakuagiza usubiri."

"Sawa. Niandikie agizo hilo. Na uweke tarehe, Mkuu. Tarehe iliyopo kwenye kalenda."

Msaidizi wake alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Anasema kalamu haikuguswa. Agizo halikuandikwa. Siku hiyo hiyo Bi Njano alituma nakala za matokeo wizarani na kwa chama cha madaktari, akaweka na zile barua tatu za mtunza ghala. Kisha akaitisha mkutano wa wazazi wa ng'ambo ya reli, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Hakuomba ruhusa.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Bi Njano alisimama mbele, akawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Friji, joto, daftari. Alipomaliza, akasimama mama mmoja, muuza mitumba, ambaye alikuwa amemzika binti yake wa miaka minne wiki tano kabla. Alishika kadi ya kliniki.

"Nilimpeleka mwenyewe," alisema. "Mara mbili. Mara ya pili mvua inanyesha. Sasa umekuja kutuambia nini? Kwamba mlimchoma maji?"

"Nimekuja kukuambia tulimchoma chanjo iliyokufa," alisema Bi Njano. "Wewe ulifanya kila kitu sawasawa. Sisi hatukufanya. Naomba unisamehe."

"Sikusamehi."

"Una haki."

"Na bado unataka tuwalete waliobaki?"

"Ndiyo. Kesho kutwa. Surua haijaondoka. Inasubiri visima vyeupe."

Watu wakaanza kupiga kelele. Mmoja akasema huyu mama ana kichaa. Bi Njano akasubiri, na kelele zilipopungua akasema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi zake. Alisema, "Msituamini. Mna sababu gani ya kutuamini? Chagueni watu wenu. Kesho chanjo mpya ikifika ghalani, kipimajoto kitawekwa mahali ambapo kila mtu anakiona. Watu wenu wataingia ghalani kila asubuhi, wasome wenyewe, waandike kwenye ubao wa mlangoni. Siku ubao ukisoma vibaya, msilete mtoto. Mkileta, mimi mwenyewe nitawafukuza."

Mama muuza mitumba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikishwa. Hakusema amesamehe. Alisema tu, "Mimi ninafungua biashara saa mbili. Saa moja nitakuwa hapo." Na saa moja alikuwa hapo, kila siku, kwa miaka saba.

Sasa studio hii. Alhamisi iliyofuata Bi Njano alikuja bila mwaliko, na sahani zake mbili kwenye mfuko wa plastiki. Muuza dawa alikuwa ameshakaa. Nikaona aibu kumfukuza mama wa makamo, nikamwambia aingie. Akatazama viti, akamwambia muuza dawa, "Wewe kaa kushoto kwangu." Nilidhani ni adabu. Kumbe ni sikio. Kila yule bwana alipomkatiza, yeye aliendelea tu kama hayupo. Mnanielewa? Bwana anapayuka, mama anaeleza. Fundi mitambo alicheka hadi akatoka nje.

Kisha akamgeukia, akamuuliza, "Unga wako umewapa wangapi?"

"Wengi. Wanapona."

"Wangapi walikunywa, wangapi hawakunywa, na wangapi walikufa kila upande?"

"Mimi sifanyi hesabu, mimi natibu."

"Basi hujui. Sema hujui, si dhambi. Mimi juzi nilikuwa sijui, nikaenda kupima."

Muuza dawa akasema maabara zote zinasema uongo. Bi Njano akaweka sahani zile mbili mezani kwangu, moja ya huku, moja ya ng'ambo. Moja njano, moja nyeupe. Akasema, "Maabara hii imejisema yenyewe. Wewe unga wako umewahi kuusema vibaya lini?"

Halafu akanigeukia mimi. "Mtangazaji, huyu ulimpa Alhamisi ngapi?"

Nikasema tatu.

"Mimi una ngapi za kunipa?"

Nikasema, leo hii, moja.

"Nitachukua tatu," akasema. Na alizichukua, wasikilizaji wapendwa. Alhamisi ya tatu alimleta muuguzi aliyechoma zile chanjo zilizokufa, akazungumza kwa sauti yake mwenyewe. Muuza dawa hakurudi. Mimi nilibaki hapa nikijiuliza hao kumi na wanne niliwafanyia nini.

Haya, matokeo. Watoto elfu kumi na moja na mia nne walichanjwa upya katika wiki tano. Mkurugenzi alikuwa amesema hawatakuja. Walikuja. Walipanga foleni, wengine wamenuna, wengine wanasoma ubao wa mlangoni kwa sauti kabla ya kukunja mkono wa shati la mtoto. Miezi sita baadaye Bi Njano alipima damu za watoto mia tatu wa ng'ambo ya reli. Mia mbili themanini na watatu, njano. Mwaka uliofuata surua ilizunguka mji wa jirani. Kwetu iliingia nyumba mbili, ikakosa pa kwenda, ikafia huko. Hatukuzika mtoto.

Mngedhani alipewa nishani. Alipewa uhamisho. Barua ilikuja akiwa bado anahesabu visima. Alipelekwa chumba cha mafaili ya zamani, mwisho wa korido, mahali pasipo na friji wala sahani. Alikaa humo miaka miwili na miezi mitatu kabla ya kurudishwa maabara. Mume wake, mwalimu wa hesabu, sasa ni marehemu, alimwambia aache kazi. Akajibu, "Wakitaka nitoke, wanitoe. Mimi mlango siutafuti." Humo kwenye mafaili alipata rekodi za watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho kwa miaka kumi na tano, akazipanga, akazilinganisha na miaka ya milipuko ya rubela, akaandika ripoti. Ripoti hiyo ndiyo iliyofanya wasichana wa sekondari waanze kupimwa kinga. Walidhani wamemfungia stoo, wakawa wamempa data.

Mtunza ghala walitaka kumfukuza, yeye peke yake, ili kesi iishe. Bi Njano alikwenda kwenye kikao na zile barua tatu, akazisoma moja baada ya nyingine. Bwana yule hakufukuzwa. Alimaliza utumishi wake akifundisha watunza ghala wapya, na somo la kwanza lilikuwa kusema friji imekufa.

Mkurugenzi alistaafu kwa heshima. Hakuguswa. Kulikuwa na sherehe, na Bi Njano hakualikwa. Alikwenda. Alivaa gauni jipya, akakaa mstari wa mbele, akapiga makofi kila watu walipopiga. Binti yake anasema mkurugenzi alisoma hotuba yake yote akiangalia dari.

Binti huyo ni mkunga. Ndiye aliyekuwa naye wiki za mwisho, moyo ulipoanza kuchoka. Alilazwa wodi ya akina mama, kitanda cha dirishani. Ananiambia, "Muuguzi mpya alikuja kumpima presha. Mama akamuuliza, 'Mwanangu, chanjo ya surua umepata dozi ngapi?' Yule dada akasema, 'Bibi, sikumbuki, nadhani moja.' Mama akavua kile kitambaa cha kupimia presha mkononi. Akasema, 'Nenda kachanjwe kwanza. Mimi siendi popote.' Nikaona haya, nikamwomba radhi yule dada. Yeye akaenda kweli. Akarudi baada ya nusu saa na pamba mkononi. Mama ndipo akanyoosha mkono."

Siku mbili baadaye, Jumanne, saa nne asubuhi, aliondoka.

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Walikuwepo madaktari, walikuwepo wauguzi, alikuwepo mtunza ghala, sasa mzee, amevaa shati la mikono mirefu. Mama muuza mitumba aliomba nafasi ya kusema. Alisema hivi, nimeandika neno kwa neno: "Huyu ni mtu wa ofisi pekee aliyewahi kuniomba msamaha bila kulazimishwa. Nilimchukia mwezi mzima. Kila asubuhi nilikwenda ghalani nikitumaini nitamkamata. Sikumkamata. Wanangu wawili waliobaki wako hapa, mmoja ana watoto. Sikuwahi kumwambia nimemsamehe. Namwambia leo, na najua angenibishia kwamba nimechelewa."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii, pole kwa binti yake mkunga. Pole kwa dada yake, na kwa fundi seremala aliyelichonga jeneza la mama yake mkubwa kwa mikono yake. Pole kwa watu wa maabara. Mmepoteza mtu mkubwa, na sisi tumepoteza jicho lililotuangalia.

Na kwako unayenisikiliza, sikuombi ulie. Bi Njano hakuwa na subira na vilio. Nakuomba utafakari mambo haya leo, ukiwa umekaa hapo. Kadi ya mwanao iko wapi, na ina mihuri mingapi? Kliniki yako, nani anasoma kipimajoto? Umewahi kuuliza? Na wewe uliyeajiriwa mahali, unayeambiwa uandike nne wakati unaona ishirini na sita, utaandika nini kesho? Wakikuambia kuuliza maswali ni kuiua chanjo, waambie kuna mwanamke aliuliza, na watoto elfu kumi na moja wakapata kinga. Wakikuambia chanjo ni maji, waulize wamepima damu za wangapi.

Na mimi, niliyetoa Alhamisi tatu bila swali, kuanzia leo anayetaka kipaza sauti hiki kwa habari za afya atakuja na hesabu zake. Hata akiwa na sauti nzuri. Akikosa hesabu, mlango ni ule.

Kliniki zinafunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Nendeni.